Uzi ukivurugika chini, tazama juu: uzoefu wangu na cherehani ya umeme hapa Wete, Pemba

Niliinunua baada ya Idi, si kabla yake, na kila mama wa hapa Wete anajua kwa nini. Ramadhani ikifika katikati, mafundi hawapokei tena kazi. Mie nilipeleka vitambaa vya wanangu mapema, tangu Shaabani, na bado gauni la mdogo lilinifikia usiku wa kuamkia sikukuu: mkono mmoja umeuzidi mwenziwe kwa vidole viwili, na chini halijapindwa kabisa. Nililipinda kwa sindano ya mkono mpaka saa nane za usiku. Fundi simlaumu, alikuwa na mlima wa nguo mbele yake. Lakini usiku ule niliamua kwamba Idi nyengine sitasubiri mlangoni kwa mtu.

Leo ni mwezi wa 14 tangu niwe nayo. Ni cherehani ya umeme ya kuweka juu ya meza, plastiki nje na chuma ndani, ina uzito wa kilo kama 6, inakwenda kwa pedali ya mguu, na bobini yake, kile kigurudumu cha uzi wa chini, inatumbukizwa kwa juu, chini ya kifuniko cha plastiki unachoweza kuona ndani yake. Ina mishono 18. Mie natumia minne. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu karibu kila ninalolieleza hapa utalikuta kwenye cherehani yoyote ya aina hii.

Duka lilikuwa Mlandege, mjini Unguja. Nililipa laki nne na nusu. Muuzaji alikuwa na haraka: aliiwasha taa, akakanyaga pedali ikanguruma, akasema, "Nzima hii, dada," akafunga boksi. Sikushona hata inchi moja pale dukani, wala hakuna aliyenionesha namna ya kutia uzi. Nikapanda nayo boti nimeipakata kama mtoto mchanga mpaka Mkoani, na gari mpaka nyumbani.

Kabla sijaenda mbali, kuna jambo moja la umeme ambalo limeshaunguza cherehani ya jirani yangu. Yeye alinunua ya mtumba, nzuri sana, chuma kitupu, imetoka Japani. Akaichomeka. Haikumaliza dakika mbili, ikatoa moshi. Japani umeme wa majumbani ni volti 100, Marekani ni 120, na wetu ni 230. Kwa hiyo ukiona cherehani ya mtumba, igeuze ubavuni au chini, pana kibandiko au kibati kimeandikwa volti zake. Ikiwa imeandikwa 220–240, chukua. Ikiwa 100 au 110, ujue utahitaji transfoma ya kushusha umeme, na bei ya transfoma uijumlishe kwenye bei ya cherehani kabla hujakubaliana na mtu.

Yangu ilikuwa ya volti 220–240, ila plagi yake ilikuwa ya miguu miwili ya mviringo. Tafadhali nunua adapta. Najua sote tumezoea kulichokoa lile tundu la juu la soketi kwa kalamu ili miguu miwili iingie. Mie nilikuwa nikifanya hivyo kwa chaja ya simu. Kwa kitu chenye mota, unachokikalia kwa saa nzima huku mguu wako mtupu uko juu ya pedali, usifanye.

Sasa nije kwenye wiki ya kwanza, maana ndiyo iliyonifanya nitake kuirudisha.

Nilitia uzi kwa kufuata mishale iliyochorwa juu ya cherehani. Nikatia bobini. Nikachukua kipande cha poplini, nikashusha mguu wa kukanyagia kitambaa, nikabonyeza pedali. Ikaenda kama vidole sita, ikakohoa, ikakwama. Nilipogeuza kitambaa, chini yake uzi ulikuwa umejisokota bunda zima, kama makumbi. Juu mshono ulikuwa mzuri kabisa. Nikakata, nikatoa uzi wa bobini, nikaurudisha. Tena vilevile. Nikabadilisha bobini, nikachukua ya chuma kutoka kwenye cherehani ya mama, kwa sababu kwa macho zilikuwa sawasawa. Ikawa mbaya zaidi, ikaanza na kugongagonga. Nikakaza tensheni, yaani mbano wa uzi wa juu, kutoka 4 mpaka 6, mpaka 9. Hakuna kilichobadilika hata kidogo, na hapo ndipo ningepaswa kuelewa.

Siku tatu nilihangaika na bobini. Siku ya nne nikaanza kuipanga kwenye boksi lake. Mama akaniuliza unafanya nini.

Mama yangu ameshona sare za skuli kwa miaka mingi kwenye Butterfly ya miguu, ile ya meza ya mbao na mkanda wa ngozi. Hasomi kijitabu cha Kiingereza, na miwani yake haimsaidii tena kwa karibu. Alikaa kwenye kiti changu, hakugusa bobini. Alishusha mguu wa cherehani, akaushika uzi wa juu karibu na sindano kwa vidole viwili, akauvuta taratibu. Uzi ukaja wenyewe, mwepesi, kama unaouvuta kutoka kwenye maji.

"Mwanangu," akasema, "huu uzi haujashikwa na kitu. Umeutia mguu ukiwa chini."

Na kweli. Ndani ya cherehani, pale uzi unaposhuka mara ya kwanza, pana visahani viwili vidogo vinavyoubana. Mguu ukiwa juu, visahani vinaachana na uzi unaingia katikati yao. Mguu ukiwa chini, vimeshikamana, na uzi unapita juu yao tu bila kuingia. Kwenye Butterfly visahani hivyo viko nje, unaviona. Kwenye hizi za kisasa vimefichwa ndani ya plastiki, kwa hiyo macho hayakusaidii. Uzi wa juu usipobanwa, hakuna wa kuuvuta urudi juu baada ya sindano kushuka, basi unabaki chini na kujikusanya. Unauona uchafu uko chini, unadhani kosa ni la bobini, kumbe kosa liko juu.

Mama alitoa uzi wote. Akainua mguu. Akageuza gurudumu la mkono mpaka sindano ikafika juu kabisa, akaniambia nitie upya. Kisha nikashusha mguu na kuvuta kama alivyovuta yeye: safari hii uzi uligoma, na sindano ikapinda kidogo kuelekea kwangu. Hiyo ndiyo alama. Nikarudisha bobini ya plastiki iliyokuja nayo, nikarudisha tensheni kwenye 4, nikashona urefu wa meza nzima bila kusimama. Nililia, nasema kweli.

Tangu siku ile, kila nikibadilisha uzi navuta kwanza. Sekunde tano.

Kazi ya kwanza ya maana ilikuwa kupinda kanga, na nampendekezea kila anayeanza. Doti moja ina vipande viwili, na kila kipande kina ncha mbili zilizokatwa, kwa hiyo unapata pindo nne zilizonyooka, kila moja kama mita na zaidi kidogo. Kitambaa ni cha pamba, hakitelezi, na ukingo wa kanga wenyewe umechora mstari wa kukuongoza. Nilipinda doti zangu zote, za mama, na za shoga zangu wawili. Nilipofika doti ya kumi mkono ulikuwa umeshajua. Anzia hapo, usianzie kwenye shifoni. Shifoni itakukatisha tamaa bure.

Sindano nazo zina mambo yake. Sokoni utauziwa aina mbili ambazo kwenye pakiti zinafanana. Moja shina lake ni nene na lina ubavu mmoja ulio bapa. Hiyo ndiyo ya cherehani za nyumbani, imeandikwa HAx1 au 130/705H. Nyengine shina lake ni jembamba na mviringo, DBx1, ya mashine za kiwandani. Ya kiwandani inaingia kwenye tundu, ila inakaa upande, na mshono unaruka. Ule ubavu bapa kwenye cherehani yangu unaelekea nyuma. Namba ni unene: 90/14 maana yake sindano ina unene wa milimita 0.9, na hiyo inatosha kanga, poplini na tetroni za sare. Kwa mitandio myepesi natia 70/10 au 75/11. Kwa jinzi natia 100/16 na nakwenda taratibu. Sindano nabadilisha baada ya kama saa nane za kushona, hata ikiwa haijavunjika, kwa sababu ncha ikishakuwa butu inatoboa kitambaa kwa kelele, tak, tak, na inavuta nyuzi za shifoni.

Na ile bobini ya chuma ya mama isiingie tena humo. Kwa kipimo zinalingana, lakini yangu ilitengenezwa kwa ya plastiki, na mlio ule wa kugonga sitaki kuusikia tena. Ukiitumbukiza ile ya plastiki, uzi ukiuvuta bobini izunguke kinyume na mshale wa saa, halafu uzi uupitishe kwenye kile kipasuo pembeni. Ukisahau kipasuo, mshono unalegea upande wa juu.

Uzi wa koni kubwa, ule wa bei nafuu, haukai kwenye kile kijiti cha cherehani. Mie nauweka ndani ya kikombe cha chai nyuma ya cherehani, unapanda vizuri.

Mafuta: ya cherehani tu, yale meupe kama maji, na tone moja linatosha pale kijitabu kinaposema. Nimeona watu wakitia mafuta ya nazi, maana ndiyo yaliyopo kila nyumba. Mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzijoto 24 hivi, na asubuhi za kusi, mwezi wa saba, tunafika huko. Cherehani inaamka nzito, inavuta vumbi la pamba, na baadaye inakuwa gundi tupu. Vumbi lenyewe linajaa chini ya kile kibati cha sindano, hasa ukishona kanga mpya. Kila wiki nafungua, nalitoa kwa brashi ndogo. Kulipuliza kwa mdomo hapana, mate yanatia kutu. Kutu kwetu haihitaji msaada: masika ya mwaka huu kibati kilianza kuwa na madoa mekundu kwa wiki moja tu. Sasa nikimaliza nakifuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo na naifunika kwa kanga kuukuu, si nailoni, maana nailoni inafungia unyevu ndani.

Umeme haina ulafi. Kibandiko kinasema wati 85, na ukifanya hesabu, yuniti moja ya Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, inakushonesha kama saa kumi na mbili. Tatizo ni pale umeme unapokuwa mdogo jioni, inakwenda kwa kujivuta. Na ukikatika katikati ya mstari nachomoa plagi na kumalizia kwa gurudumu la mkono. Hapo Butterfly ya mama inaishinda, yeye anaendelea kushona kwa mwanga wa dirisha kama hakuna lililotokea.

Inaposhindwa tena ni penye kitambaa kizito. Upindo wa jinzi pale mishono minne inapokutana, inalia na kusimama. Nikiligonga lile bonge kwa nyundo kwanza na kugeuza gurudumu kwa mkono, inapita, lakini sitaichukulia kazi ya jinzi kwa watu. Zigizaga yake inazuia kingo zisifumke, ila usafi wa ovaloki, mashine ya kufunga kingo, haupati. Baibui la nida la kuuza napeleka kingo zake kwa fundi mwenye ovaloki. Vitundu vya vifungo inatoa vizuri sana, nimeshatoa vya mashati matano ya skuli bila kuharibu hata kimoja.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote sikukifikiria wakati wa kununua. Pembeni mwa sindano pana kindoana kidogo: unakishusha, kinapita kwenye tundu la sindano, kinarudi na uzi. Mama alikuwa anakaribia kuacha kushona kwa sababu tundu halioni. Alikuwa akiwaita wajukuu wamtungie uzi, na wajukuu wakikimbia. Sasa anakishusha kwa kidole, anakisikiliza, anavuta. Pedali ilimpa tabu mwanzoni, aliikanyaga kisigino na vidole kwa zamu kama ya miguu, na cherehani ikawa inaruka na kusimama. Nikampunguzia kasi, nikamwekea pedali juu ya mkeka isiteleze, akazoea.

Ijumaa iliyopita nilirudi kutoka sokoni nikamkuta ameshapinda doti mbili za jirani na anabadilisha uzi kwa ajili ya ya tatu. Uzi ulikuwa tayari umeshatiwa, mguu wa cherehani umeshashushwa, sindano iko juu, na kabla hajabonyeza pedali aliushika uzi kwa vidole viwili, akauvuta.