Uzoefu wangu na mpira wa kabureta ya Apache: gundi, mpira mtupu, au mpira na pistoni yake

Kama pikipiki yako inawaka vizuri asubuhi, inakaa sailensa (inanguruma bila kupewa resi) bila shida, lakini ukiipa resi barabarani inafika katikati na kugoma, usikubali kuuziwa kabureta mpya (kifaa kinachochanganya hewa na petroli) kabla kifuniko chake cha juu hakijafunguliwa na mpira mwembamba wa ndani kutazamwa. Kwenye Apache RTR 160 yangu nimepitia njia zote tatu zinazotumika mitaani: kuziba kwa gundi, kubadili mpira mtupu, na kununua mpira ukiwa umeshikana na pistoni yake (ya ndani ya kabureta, si ile ya injini). Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoipendekeza.

Tuelewane kwanza ni pikipiki zipi. Bodaboda nyingi ndogo zina kabureta ambayo kebo ya resi inavuta pistoni moja kwa moja, na hizo hazina mpira huu. Apache 160 yangu ina kabureta aina ya Mikuni BS-26, ambayo kebo yake inazungusha kisahani cha hewa tu. Kazi ya kuinua pistoni inafanywa na injini yenyewe: mvuto wake unapita kwenye kitundu kilicho kitako cha pistoni, unaingia chumba cha juu ya mpira, na kwa kuwa chini ya mpira kuna hewa ya kawaida, mpira unanyanyuka na kwenda na pistoni pamoja na sindano inayoruhusu petroli ipite. Mpira ukichanika, mvuto unavujia pale pale na pistoni haipandi inavyotakiwa. Sailensa haikuonyeshi chochote, kwa sababu wakati huo pistoni huwa iko chini hata kama mpira ni mzima.

Mimi naishi Iringa, na ugonjwa huu uliniumbua kwenye mlima wa kutoka Ipogolo kupanda mjini. Gia ya tatu, resi imeisha mkononi, na pikipiki inalia tu bila kuvuta. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi, akasafisha eya klina, kisha akaanza kuzungumzia kutoboa jeti, yaani kitundu kinachopimia petroli, iwe kubwa. Nilikataa, na hadi leo nashukuru. Jeti ikishatobolewa, hata ukija kupata mpira mzima mchanganyiko hautakaa sawa tena.

Fundi wa pili alifungua kifuniko, akautoa mpira na kuunyoosha taratibu dhidi ya jua. Mwanga ukapenya kwenye mkunjo, mahali ambapo mpira unajipinda kila pistoni inapopanda na kushuka. Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mpira ukilala kawaida huuoni kabisa. Ndiyo maana kutazama kwa juu juu hakutoshi, lazima mkunjo wote uzungushwe na kunyooshwa kidogo kidogo. Kuna pia kipimo kingine, kabureta ikiwa imetolewa: inua pistoni kwa kidole, ziba kitundu cha hewa kilichopo mdomoni mwa kabureta upande wa eya klina, halafu iachie. Mpira ukiwa mzima, pistoni inabaki juu au inashuka kwa uvivu. Ikianguka mara moja, kuna sehemu inavuja.

Spea haikuwepo mjini, kwa hiyo tukaanza na gundi. Zile gundi za kukausha papo hapo zinakuwa ngumu kama kioo, na mkunjo hautaki kitu kigumu. Ufa ulirudi pembeni mwa kiraka, mrefu kuliko mwanzo. Gundi ya kuzibia tyubu inalainishwa na petroli, na silikoni nayo inavimba na kubanduka. Kwa maoni yangu gundi ni ya kukufikisha nyumbani tu. Anayekuuzia kama matengenezo kamili hakutendei haki.

Mpira mtupu niliagiza Kariakoo, ukaja kwa basi. Bei yake ni nafuu sana, na kwa mwenye haraka unavutia. Tatizo ni kuufunga kwenye pistoni, maana ule wa kiwandani umebanwa na pete ya plastiki. Huu wa kuvalisha ulikuwa mnene kidogo na ulikataa kukaa katikati. Pikipiki ilivuta, lakini resi ya katikati ikawa na kigugumizi, na pistoni ilikuwa nzito hata ukiisukuma kwa kidole.

Mpira na pistoni yake vikiwa kitu kimoja ulinigharimu zaidi ya mara mbili ya ule mtupu, na sijajuta hata shilingi. Mpira ni mwembamba na laini, pistoni inateleza yenyewe. Siku ile ile Ipogolo niliipanda kwa gia ya nne. Kabla ya kulipa, linganisha na wa zamani: kipenyo cha pistoni, kitundu cha chini, na kile kiulimi kidogo kwenye ukingo wa mpira. Sindano nilihamisha ya zamani, kwa kuwa ilikuwa haijalika.

Kufunga ndiko kunakotaka utulivu. Kiulimi kikae kwenye nafasi yake, ukingo wote uingie mferejini, huku kidole kikiwa kimeinua pistoni kidogo kwa ndani ili mpira usivutike na kubanwa na kifuniko. Springi isimame wima. Skrubu zikazwe kwa kupishana, na bisibisi nyota iwe inayokaa sawasawa, maana vichwa vya skrubu hizo ni laini na vikishaliwa utahangaika.

Jambo moja la kumwambia fundi wako kabla hajaanza kusafisha kabureta: dawa ya kupuliza isiguse mpira. Autoe kwanza, auweke pembeni, na aufute kwa kitambaa kikavu. Dawa hizo zinauvimbisha hadi unakuwa mkubwa kuliko mfereji wake, na mpira mpya kabisa unaweza kuharibika siku hiyo hiyo. Ukishavimba usiukate wala kuulazimisha. Uache upigwe na hewa kivulini, mara nyingi unarudi kwenye umbo lake.