Uzoefu wangu: tairi za 200 kwenye Altezza, Mwanza mpaka traki ya Kenya na kurudi

Wakuu habari za sa hizi. Nimeingia Mwanza juzi usiku nikitokea Kenya, kioo cha mbele kimejaa wale wadudu wa ziwani wa pale Lamadi, na kabla sijasahau naandika kuhusu hizi tairi za 200 (ni namba ya ulikaji iliyoandikwa ubavuni, nitaieleza mbele) maana huku Kanda ya Ziwa kuna watu wengi wana Altezza, Subaru, Mark X zenye mashine nzima kabisa na kila siku wananiuliza nikienda traki (uwanja wa mbio za magari) nafunga tairi gani. Jibu langu la mwaka juzi na jibu langu la leo ni vitu viwili tofauti, na kilichobadilika sio mfuko wangu wala gari, ni kanuni za tairi za waandaaji wa traki.

Gari ni Altezza RS200, gia sita za mkono, injini 3S-GE, tairi saizi 215/45R17. Ndo gari ya kazini, ndo inayompeleka mama hospitali, na ndo hiyo hiyo ya traki. Sina gari la kuibeba, sina seti ya pili ya rimu, na hapa Mwanza hatuna uwanja wa lami wa kukimbiza magari, kwa hiyo nikitaka kukimbia kihalali bila kuhatarisha mtu wa bodaboda pale Buzuruga inabidi nipige Magu, Lamadi, Bunda, Tarime, nivuke Sirari, halafu Migori, Kisii, Narok mpaka ng'ambo ya Nairobi, kama kilomita 700 hivi, nikimbie siku moja, afu nirudi na tairi zile zile. Hilo la tairi zile zile lishikeni vizuri, ndo kila kitu kwenye hii habari.

Zamani nilikuwa nafunga semisliki za mtumba za Japani, yani tairi zinazokaribia zile za mashindano, laini kama ulimi, kashata zenyewe (michoro ya juu ya tairi) ni mistari michache tu. Kwenye lami kavu zilikuwa zinashika mpaka unahisi shingo inavutwa. Safari moja nimefika uwanjani asubuhi, nimelala Narok, nimelipa kiingilio, nimejaza mafuta, mkaguzi akaja na tochi, kijana mpole sana, akainama kwenye ubavu wa tairi akazunguka zote nne bila kusema neno, mwisho akasimama akaniambia, "Boss, pole, hizi hazitapita." Nikamuuliza kwa nini, si mwaka uliopita zilipita? Akanielewesha kwamba msimu ule kanuni imebadilika, sasa tairi lazima iwe ya barabarani, lazima neno TREADWEAR (ulikaji wa kashata) lionekane ubavuni likiwa na 200 au zaidi, na isiwe na umri zaidi ya miaka mitano. Zangu hazikuwa na namba yoyote. Na DOT, ile namba ya lini tairi imetengenezwa, ilikuwa 3816, yani wiki ya 38 ya mwaka 2016. Kumbe kanuni walituma wiki mbili kabla, mi nikasoma ya helmeti na ya ndoano ya kuvutia gari, ya tairi nikaipita. Nilishinda pale nimekaa kwenye boneti naangalia wenzangu wanazunguka, afu nikaendesha kilomita 700 kurudi nyumbani. Iliniuma sana aisee, sitaki mtu mwingine wa huku yamkute.

Sasa hiyo namba ni nini. Ni mfumo wa Marekani unaitwa UTQG. Wanachukua tairi wanaifunga kwenye magari yanayokwenda kwa msafara kule Texas, mzunguko wa maili 400, wanarudia mpaka zifike maili 7,200 ambazo ni kama kilomita 11,600, wanapima kashata zimelika kiasi gani wanalinganisha na tairi ya kipimo iliyopewa 100. Ikiandikwa 200 maana yake inatakiwa idumu mara mbili ya ile ya kipimo. Ila anayetangaza namba ni mtengenezaji mwenyewe, na tairi iliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hailazimiki kuwa nayo, ndo maana zangu zilikuwa tupu. Kwa hiyo wewe unayependa mtumba wa Japani, tairi inaweza kuwa nzuri kabisa na ikakataliwa getini kwa sababu tu ubavu hauna maandishi.

Na 200 haikuanzia Kenya. Marekani chama cha mbio za magari cha SCCA kwenye madaraja yake ya magari ya barabarani walikuwa wanataka angalau 140, katikati ya miaka ya 2010 wakapandisha ikawa 200, na viwanda havikulala, vikatoa tairi ambazo ubavuni zimeandikwa 200 lakini ukizigusa zinanata kama ubani. Yokohama Advan A052 ni 200. Bridgestone Potenza RE-71RS ni 200. Hankook RS4 ni 200. Ila Toyo R888R ni 100, imekwama, na Michelin Cup 2 ambayo Porsche wameitoa nayo kiwandani kwenye 911 GT3 ni 180, nayo inakosa kwa 20 tu! Yani kanuni hazipimi mshiko, zinapima wino. Mi sina ugomvi nazo, mwandaaji anahitaji kitu ambacho mkaguzi mwenye tochi anaweza kukisoma kwa sekunde kumi, ila wewe mnunuzi usidhani 200 zote ni ndugu. Kuna 200 inayoisha siku tatu za traki na kuna 200 inayokwenda msimu mzima.

Nilichonunua mimi ni 200 ya aina ya kudumu, ya Korea, brand nitaiacha maana nataka niseme mazuri na mabaya yake bila kumharibia mtu biashara. Niliagiza kwa muuzaji wa Dar, laki sita na nusu kwa moja, zikaja na basi mpaka stendi ya Nyegezi. Mara ya kwanza alinitumia mbili zenye DOT ya mwaka huu na mbili za miaka minne nyuma, nikamrudishia, tukavutana kwenye simu siku tatu, mwisho akabadilisha. Msione aibu kufanya hivyo, kanuni ya umri inamaanisha tairi ya miaka minne umenunua mwaka mmoja tu wa traki kwa bei ya mitano. Omba picha ya DOT kabla hujatuma hela, sio picha ya kashata.

Kufunga nilifunga kwa fundi wangu wa Igoma, mzee fulani wa Kisukuma, balansi na alaimenti akanifanyia vizuri sana, afu akaniambia "zipe siku ipumzike mpira, usizichape kwanza". Na ni kweli, tairi za namna hii mara ya kwanza unazipasha moto taratibu halafu unaziacha zipoe kabisa kama siku nzima ndo uanze kuzitesa, mpira unakaa sawa na zinadumu. Nikazunguka nazo Kigongo–Busisi mpaka Sengerema na kurudi kwa mwendo wa kawaida, nikaziacha mpaka kesho yake. Wabeja (asante) mzee.

Barabarani nianze na mabaya. Zina kelele. Ukiwa 80 pale Magu unasikia mvumo kama feni kubwa, mama alinyoosha kidole kwenye tairi ya nyuma akauliza kama beringi imekufa. Na ubavu ni mgumu, kila tuta la Bunda unalihesabu na uti wa mgongo. Lakini mvua, hapo ndo nilipowapenda waliobadilisha kanuni. Kati ya Kisii na Narok ilitupiga mvua ile ya mawe, maji yanakatiza barabara, malori yanamwaga, na Altezza inasukumwa na tairi za nyuma, na zile semisliki zangu za zamani kwenye hali hiyo gari ilikuwa inaelea, nilishawahi kuteleza nusu ya upana wa barabara nikiwa na 60 tu na lori linakuja, siku hiyo nilisimama pembeni nikatetemeka. Hizi zimekata maji, nimekwenda 60, 70, usukani unaongea na mimi muda wote. Kwa mtu anayebebwa na tairi hizo hizo kilomita 1,400 kwa ajili ya dakika 60 za traki, hili ni la uhai.

Traki yenyewe. Vipindi vinne vya dakika 15. Mzunguko wa kwanza hazishiki, ukiingia kona kwa nguvu mbele inakimbia nje, zinataka mizunguko miwili zipate moto. Nilianza na upepo wa PSI 32 tairi zikiwa baridi kama mafundi wengi wanavyojaza, baada ya kipindi cha kwanza ukapanda mpaka 41 na gari ikaanza kuogelea. Nikapunguza zikiwa za moto mpaka 35, ikatulia kabisa, na asubuhi nyingine zikiwa baridi zilisoma 27. Kwa hiyo ndo kipimo changu sasa, 27 baridi nikiwa pale, ila usisahau kurudisha upepo kabla ya safari ya kurudi, ukiwa na watu na mizigo 27 ni ndogo. Muda wangu bora ni sekunde moja na kitu nyuma ya nilivyokuwa na semisliki. Lakini kipindi cha nne ulikuwa karibu sawa na cha pili, wakati zile laini kufikia dakika ya kumi zilikuwa zimeshachemka na kuyeyuka. Mi napenda kujifunza kona, na huwezi kujifunza kitu kama tairi inabadilika kila mzunguko.

Kitu kingine ambacho nimekisoma sana tangu siku ile nikataliwe, na naomba tukiangalie kwa macho mawili, ni kwamba kanuni zinaendelea kusogea huko tairi zinakotengenezwa na sisi tunapokea kinachotoka. Ulaya tangu 2012 tairi inauzwa na lebo ya mshiko wa kwenye maji, mafuta na kelele, ikafanywa mpya Mei 2021. Na sheria yao ya Euro 7 ya mwaka 2024 kwa mara ya kwanza inagusa vumbi la tairi lenyewe, yani mpira unaobaki barabarani, na kwa tairi za magari madogo inaanza 2028. Fikiria, tairi laini ya traki kazi yake ndo hiyo, kujichubua ili ishike. Mi naona zile laini zaidi zitasukumwa ziwe za traki tu, zisizoruhusiwa barabarani, na sisi tusio na seti ya pili tutabaki na hizi za kati.

Na siwezi kulalamika, nitawaambia kwa nini. Kuna kemikali inaitwa 6PPD, inawekwa kwenye mpira ili usipasuke-pasuke kwa hewa na jua. Mwishoni mwa 2020 watafiti wa jimbo la Washington, Marekani, walionyesha kwamba ikichanganyika na ozoni inageuka kitu kingine ambacho mvua ikikisukuma mtoni kinaua samaki wao aina ya coho kwa masaa machache. California kuanzia Oktoba 2023 ikawaambia watengenezaji watafute mbadala. Mi nimekulia Mabatini, Mto Mirongo naujua, mvua ikinyesha kila kilichoko kwenye lami ya mjini kinashuka nao mpaka ziwani, na ziwa hilo ndo dagaa na sato wetu, ndo maji. Sasa hivi nikiona mpira mweusi umebaki kwenye kona nafikiria unakwenda wapi. Kama kanuni itanigharimu sekunde moja nyingine kwa ajili hiyo mi niko tayari.

Kwa hela: milioni mbili na laki sita seti, pamoja na kufunga na basi ikafika karibu milioni mbili na laki nane. Semisliki za mtumba seti nzima nilikuwa napata chini ya nusu ya hapo, ila zilikuwa zinakufa baada ya siku mbili za traki. Kama una gari ya kubeba gari na seti ya rimu za pembeni, na unapokwenda wanaruhusu, chukua laini, utafurahi. Kama unaendesha kwenda na kurudi kama mimi chukua 200 ya kudumu, na kabla hujalipa muulize mwandaaji kanuni ya mwaka huu, sio ya mwaka jana, akutumie kwa maandishi.

Leo asubuhi nimepima pale Igoma. Zilianza na milimita 7, nyuma zimebaki 5.5, mbele 5 katikati na 4 kwenye bega la nje, alaimenti ya mbele inatakiwa ilazwe zaidi kidogo. Jumamosi mzee anazihamisha za mbele nyuma.