Siku Mbili Katika Hoteli Kubwa ya Mji Mkongwe: Uzoefu Wetu wa Kuadhimisha Miaka 20 ya Ndoa

Mwezi wa Julai mimi na mume wangu tulitimiza miaka 20 ya ndoa, na badala ya kualika watu na kupika biriani kama tulivyofanya tulipofikisha miaka 10, tuliamua kuwaacha watoto kwa bibi yao Chake Chake, kwetu Pemba, na kwenda kulala siku mbili, Ijumaa na Jumamosi, katika moja ya hoteli kubwa za Mji Mkongwe, Unguja. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyaeleza si ya kuipamba. Tumepita mbele ya milango ya hoteli kama hizo tangu tulipokuwa wanafunzi, tukiiona misumari ya shaba inavyometameta na wageni wanavyopokewa kwa vitambaa baridi vya kujifutia uso, wala haikutupitikia kwamba siku moja na sisi tungeingia na mabegi yetu.

Nianze na bei, kwa sababu hilo ndilo nililoulizwa na kila mtu niliporudi. Bei iliyotangazwa mtandaoni ilikuwa kwa dola, na ilinitisha hata nikafunga simu. Siku ya pili nilipiga mwenyewe na kueleza kwamba sisi ni Wazanzibari wenye vitambulisho vya mkaazi, na hapo nikatajiwa bei ya wakaazi, shilingi 380,000 kwa chumba kwa usiku mmoja pamoja na kifungua kinywa, ambayo ilikuwa pungufu kidogo ya nusu ya ile niliyoiona. Bei hiyo haikuandikwa popote, na asiyeuliza haambiwi.

Tulisafiri kwa ndege ndogo kutoka Chake Chake, safari ya takriban nusu saa, na teksi ikatushusha pembezoni mwa mji kwa kuwa vichochoro vya kuelekea hotelini havipitishi gari. Kijana wa hoteli alitufuata na mkokoteni wa mizigo, akatupeleka hadi mlangoni bila ya kutudai chochote. Ukumbi wa mapokezi ulikuwa na harufu ya udi, sakafu ya marumaru nyeusi na nyeupe, na katikati yake ua ulio wazi hadi juu, ambao ndio unaolivuta joto la chumbani likatoka. Nyuma ya meza alisimama kijana nadhifu aliyetutazama, akatabasamu na kutuambia, "Jambo!"

Msomaji wa Pemba atanielewa. Mtu mzima aliyefuatana na mumewe hasalimiwi "Jambo" na kijana wa umri wa mwanawe. Mume wangu akamjibu, "Waalaykumu salamu, mwanangu," na kijana wa watu akatahayari, akatuamkia vizuri, na tukamwitikia. Tungeishia hapo lingekuwa jambo la kuchekea tu. Lakini baada ya kuviangalia vitambulisho vyetu akainamisha sauti na kuuliza kama tunacho cheti cha ndoa.

Pembeni yetu walikuwapo mke na mume kutoka Ulaya, au pengine hawakuwa mke na mume, kwa kuwa hakuna aliyewauliza. Walitia saini, wakapewa ufunguo na juisi, wakapanda ngazi. Sisi tuliokuja kuadhimisha miaka 20 ya ndoa, na tuliolieleza hilo wakati wa kuweka nafasi, tulibaki tumesimama mbele ya meza. Mume wangu alimwambia kwa upole kwamba cheti kimo sandukuni Chake Chake, na kwamba kati ya mashahidi wawili waliotia saini mmoja ameshatangulia mbele ya haki. Ilinibidi nimpigie simu binti yangu mkubwa, afungue sanduku, akipige picha cheti na kunitumia, na dakika 25 zilikwisha tukiwa kwenye viti vya ukumbini. Naelewa kwamba hoteli na nyumba za wageni za hapa kwetu hufanya hivyo kwa kulinda heshima ya mahali, na sina ugomvi na kanuni yenyewe. Ugomvi wangu ni kwamba haikutajwa kwenye simu wala kwenye ujumbe wa kuthibitisha nafasi, na kwamba inamhusu mwenyeji peke yake. Meneja, mwanamke wa makamo, alikuja baadaye na kuomba radhi kwa maneno ya kiungwana, akatuletea juisi ya ukwaju, na kwa hilo nampa haki yake.

Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya tatu, na hoteli haina lifti. Nilivihesabu vipandio: ni 61, vya mbao, virefu na vyembamba, vya aina ile inayomlazimu mtu kushika kamba ya pembeni. Mwenye maumivu ya magoti asikubali ghorofa ya tatu hata akiahidiwa kuona bahari. Tulipofika juu, hata hivyo, nilisahau pumzi zangu. Nyumba hizi kubwa za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake ni nene kiasi cha mtu kuweza kuketi dirishani, na dari yake hubebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hazipatikani ndefu kupita mita tatu au zaidi kidogo, vyumba huwa vyembamba lakini virefu sana. Kwa hiyo ukiona picha mtandaoni ukadhani chumba ni kipana, ujue kwamba mpiga picha alisimama kwenye pembe. Chetu kilikuwa na upana wa hatua tano za mume wangu na urefu wa hatua kumi na nne. Vidaka vya ukutani vilikuwa vimewekwa sahani na vyetezo vya zamani, sakafu imepigwa nta, na kiyoyozi hatukukiwasha hata mara moja, kwani upepo wa kipupwe uliingia kwa dirisha moja na kutokea kwa jengine.

Kitanda ndicho kilichonipendeza kuliko vyote. Kilikuwa samadari ya kweli, ya mbao nzito iliyochongwa, yenye vioo vilivyochorwa maua upande wa kichwani, na iliyo juu kiasi cha kuwekewa kigoda cha kupandia. Bibi yangu mzaa mama alikuwa nacho cha namna hiyo Wete, nasi wajukuu tulikuwa tukilala uvunguni mwake wakati wa mvua. Juu ya shuka, hata hivyo, palitandazwa maua mekundu ya mawaridi yaliyopangwa kwa umbo la moyo, na taulo mbili zilizokunjwa zikafanywa ndege wanaobusiana. Maua yalikuwa ya plastiki. Nilimwambia mhudumu wa vyumba, mama mmoja wa makamo, tena kwa mzaha tu, kwamba kwetu kitanda cha maharusi hakipambwi hivyo. Akacheka, akasema, "Bi mkubwa, hayo tunawawekea hao. Nisubiri." Baada ya sala ya alasiri alirudi na kikapu kidogo chenye asumini mbichi, rehani na vipande vya mkadi, akakaa nami chini ya dirisha, tukafunga vikuba, vile vishada vidogo vya maua ya harufu, pamoja huku mume wangu akijifanya anasoma gazeti. Alinieleza kwamba asumini huzichuma nyumbani kwake, na kwamba katika miaka yake yote ya kazi hapo hajawahi kuombwa. Usiku ule chumba kilinukia kama kilivyopaswa kunukia. Hakutaka kupokea pesa. Tulimshikiza kwa nguvu tulipoondoka.

Siku ya Jumamosi asubuhi nilikwenda kujaribu singo, ambayo hoteli inaitangaza katika orodha ya huduma zake za mwili kwa shilingi 90,000 kwa saa moja. Kwa wasiojua, singo ni mchanganyiko wa liwa, karafuu, mawaridi na maua mengine ya harufu unaosagwa na kusuguliwa mwili wa biharusi katika siku za kuelekea harusi yake, na kwa kawaida kazi hiyo huwa ya somo, yaani kungwi wake, au ya mwanamke mwengine anayeijua. Chumba kilikuwa safi, taulo zilikuwa za moto, na binti aliyenihudumia alikuwa na adabu na mikono myepesi. Lakini singo yenyewe ilikuwa ya unga wa pakiti, imekorogwa majimaji, na karafuu ndani yake ilikuwa ya kutafuta. Sisi tumekua tukichambua karafuu mpaka vidole vinakuwa vyeusi, kwa hiyo labda mimi ni hakimu mkali kupita kiasi. Mgeni asiyewahi kuijua singo atatoka hapo ameridhika. Mwanamke wa Pemba atatoka amepumzika, hilo silikatai, ila hakusingwa. Na duka lililo karibu na mlango wa chumba hicho linauza kikopo cha karafuu kisichojaa kiganja kwa shilingi 15,000, bei ambayo nilimsomea mama mkwe kwa simu, akaniambia nimsomee tena.

Chakula kina hadithi mbili. Chakula cha usiku wa Ijumaa kiliandaliwa juu ya paa, mahali ambapo ukikaa upande wa magharibi unaona jua likizama baharini nyuma ya majahazi, na ukigeuka unaiona bustani ya Forodhani na, mbele kidogo, Beit el Ajaib, jumba la Sultani Sayyid Barghash la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Kwa mandhari hiyo mtu husamehe mengi. Tulisamehe kukawia kwa chakula kwa dakika 50, na tulisamehe kukaa karibu na meza za wanywaji mpaka tulipoomba kuhamishwa, na tukahamishwa mara moja. Kisicho rahisi kusamehe ni pweza wa nazi aliyekuja bila ya pilipili, bila ya ndimu, na tui lililozimuliwa likawa kama maziwa ya chai. Pweza mwenyewe alikuwa laini, amepigwa akapigika. Mume wangu alimwita mhudumu na kumuuliza kama mpishi ni mtu wa wapi, akajibiwa kwamba ni wa Nungwi, kaskazini ya Unguja. Basi akamtuma amwambie kwamba mezani wapo watu wa Pemba. Robo saa baadaye ikaja bakuli nyengine, tui zito, pilipili ya mbuzi na embe mbichi pembeni, na mpishi mwenyewe nyuma yake akifuta mikono. Hicho kilikuwa chakula bora kabisa nilichokula mwaka huu.

Kifungua kinywa kilikuwa kinyume chake: meza ndefu yenye jibini, soseji na maharage ya kopo, mikate ya aina sita ambayo hakuna hata mmoja uliofanana na boflo, na matunda mazuri sana. Mkate wa kumimina, vitumbua na mbaazi za nazi vipo, lakini huwekwa Jumapili tu. Jumamosi tulikula matunda na mayai, na usiku tukashuka Forodhani, tukala mishikaki na urojo, tukanywa miwa yenye ndimu na tangawizi, sote wawili kwa shilingi zisizofika 30,000.

Mengine niyapitie kwa haraka. Maji ya kuoga yalikuwa ya moto wakati wote, ila asubuhi yalitoka kwa unyonge kule juu. Umeme ulikatika mara moja na jenereta ikawaka kabla sijafika mlangoni. Mswala uliletwa dakika chache baada ya kuombwa. Alama ya kibla haikuwapo, lakini mahali ambapo bahari na machweo viko magharibi hapampi mtu taabu kuijua kaskazini, ambako ndiko kibla yetu. Kwenye meza ya kitandani palikuwa na vizibo vya masikio na karatasi yenye kuwaomba radhi wageni kwa sauti ya adhana ya alfajiri. Mume wangu aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni ili awaonyeshe wenzake msikitini.

Jumapili wakati wa kulipa niliona nyongeza ya asilimia 10 ya huduma juu ya chakula cha paani, ambayo haikuandikwa kwenye orodha ya vyakula. Niliuliza, yule yule kijana wa mapokezi akaangalia, akaenda kwa meneja, akarudi akaifuta bila ya ubishi. Basi na nyinyi ulizeni.

Nimeipa nyota nne kati ya tano. Nyumba, kitanda, mama wa vyumba na mpishi wa Nungwi wangepata zote tano; nyota iliyopungua ni ya mapokezi. Mwakani tukijaaliwa tutarudi, na nimeshamwambia meneja kwamba tunataka ghorofa ya pili, chumba cha pembeni chenye madirisha mawili, bila ya maua ya plastiki. Cheti cha ndoa nimekitoa nakala mbili: moja imo mkobani mwangu, nyengine anayo mume wangu.