Uzoefu wangu na Impreza STI: swichi moja juu ya stelingi, na gereji iliyokataa kupima

Altaneta, yaani mashine ya kuchaji betri, iliyotolewa kwenye gari langu ilikuwa nzima. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo. Gari ni Subaru Impreza WRX STI ya mwili wa GDB, mtumba wa Japani, na betri yake ilikuwa ikikutwa imekufa asubuhi, leo sawa, kesho tena. Gereji ikabadilisha betri. Ikabadilisha altaneta. Ugonjwa ukabaki palepale, kwa sababu chanzo kilikuwa kijiswichi cha upana wa kidole kilichokaa juu ya kifuniko cha nguzo ya stelingi, upande wa pili wa usukani, mahali ambapo dereva aliyeketi sawasawa hakioni.

Habari za turbo na nguvu za farasi mtazipata kokote. Mimi naongelea dashibodi na taa.

Swichi hiyo ni ya taa za kuegesha. Imewekwa ili gari likiachwa pembeni mwa barabara nyembamba gizani, taa ndogo za mbele, za nyuma na za namba zibaki zikiwaka na wapitao walione. Ndiyo maana inafanya kazi hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Taa kubwa za Subaru hujizima ukizima gari, kwa hiyo mtu huzoea kushuka na kwenda zake bila kutazama nyuma, na hapo ndipo hizi ndogo zinapomkamata. Hakuna kengele ya kukuonya. Jua likiwaka, huzioni.

Sasa piga hesabu. Balbu mbili mbele, mbili nyuma, mbili za namba, kila moja wati 5: jumla wati 30. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 2.5. Gari likilala hivyo kwa muda wa saa 12, zimetoka ampea-saa 30. Betri ya ampea-saa 45 hapo imebakiwa na theluthi, na ikiwa imekula miaka miwili mitatu, stata itatoa mlio wa tek-tek na kunyamaza. Ukiijaza na kuiua hivyo mara nne tano, unaiharibu kweli, maana betri ya risasi na asidi haipendi kukaushwa. Ndiyo hapo fundi anakuja kuipima, anaikuta dhaifu, anasema "betri mbovu", na kwa siku ile anakuwa amesema kweli. Lakini ameona matokeo, hajaona sababu.

Nani anaibonyeza? Mara nyingi ni kitambaa. Gari likioshwa, kijana akipitisha kitambaa juu ya nguzo ya stelingi kufuta vumbi, swichi inalala upande wa kuwasha. Wengine huibonyeza kwa kiganja wanaposhika usukani kujivuta ndani. Kwa hiyo kama betri yako hufa siku ya pili baada ya kuosha gari, usimwite fundi kwanza. Peleka mkono juu ya nguzo ya stelingi, nyuma ya usukani, upapase.

Dalili nyingine, na hii ndiyo bora kuliko zote: saa ya dashibodi na kioo cha redio vikififia mchana kweupe. Gari hupunguza mwanga wake zikiwaka taa ndogo, ili usikuumize macho usiku. Ukiona saa imefifia saa saba mchana na mkono wa taa uko pale pa kuzima, jibu umeshalipata. Zima gari, toa ufunguo, zunguka nyuma uangalie taa za namba. Kazi ya nusu dakika.

Nusu dakika! Na pale gereji gari lilikaa siku nzima. Nilimwomba fundi wa umeme anionyeshe mita ya umeme inasoma ngapi kabla hajafungua chochote. Akanijibu mbele ya watu, "Kama unajua, si ujitengenezee mwenyewe?" Sikuomba kufundishwa kazi yake. Niliomba namba, namba ambazo mteja yeyote ana haki ya kuziona kabla ya kutoa pesa, na ni hizi:

Betri iliyopumzika na kujaa husoma volti 12.6. Ikisoma 12.2 imefika nusu. Washa injini, weka mita kwenye vichwa vya betri: ukiona kati ya 13.8 na 14.4, altaneta inachaji, achana nayo. Hapo ndipo mjadala wa altaneta ungekwisha, maana baadaye ile ya zamani ilipimwa kwingine na ikasoma 14.2. Kinachofuata ni kutafuta umeme unaovuja. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango, subiri dakika chache. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, ukiusahau kwenye tundu dogo unaunguza fyuzi ya mita. Fungua waya hasi wa betri na uunganishe mita katikati ya waya na kichwa cha betri. Usijaribu kuwasha injini mita ikiwa hapo. Gari lenye afya husoma kama ampea 0.02 hadi 0.05. Ukiona 2.5, huo si uvujaji wa kujificha, hiyo ni taa inawaka mahali. Toa fyuzi moja baada ya nyingine, na ile itakayoangusha namba ndiyo njia ya kufuata. Ingeangukia fyuzi ya taa ndogo, na swichi ingeonekana.

Nikubali jambo moja: altaneta aliifunga vizuri, belti ilikazwa sawa, nyaya hazikuning'inia. Nilifikiri kumpa alama za kati. Lakini kila nikikumbuka lile jibu lake, nazifuta. Mtu mwenye mikono mizuri hivyo anawezaje kukataa kutumia mita iliyo mezani kwake?

Na aliyeniuzia gari naye ana sehemu yake. Alinikabidhi ufunguo bila kunieleza swichi hata moja, na kitabu cha gari ni cha Kijapani. Dashibodi hii inahitaji maelezo. Ukifungua ufunguo, mishale ya mita za dashibodi huruka hadi mwisho na kurudi sifuri. Si hitilafu, ndivyo inavyosalimia. Mita zenyewe huwaka muda wote, mchana na usiku, na hilo ni la hatari kuliko linavyoonekana: jioni unaona mbele yako kumeng'aa, unadhani umewasha taa, kumbe nyuma yako ni giza tupu na lori linakuja. Usiziamini mita. Tazama vitufe vya AC na redio. Vikiwa na mwanga, taa ndogo zinawaka, vikiwa giza, bado hujawasha.

Karibu na handibreki kuna gurudumu dogo la kugawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Liache kwenye AUTO. Ukilitoa AUTO na kulisukuma kwa mkono hadi kufunga kabisa, kisha ukate kona kali kwenye lami kavu, gari litaruka-ruka na matairi yatasugua. Wengi hukimbilia kulaumu gia. Kitufe cha kurushia maji intakula (kipoza hewa ya turbo) ni cha maji matupu, si cha sabuni ya kioo, na tangi lake liko kwenye buti. Kigurudumu cha kushusha taa kiweke 0 ukiwa peke yako, kipandishe namba ukibeba watu nyuma, la sivyo unawachoma macho wanaokuja. Upande wa mwanga hauna shida kwetu Kenya: Japani nao huendesha kushoto, kwa hiyo taa zake huinua mwanga upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara, kama inavyotakiwa.

Nilikuwa nimeandika kwamba gari hili ni la kuuzwa. Nafuta. Gari halina kosa, swichi ilifanya ilichoundwa kufanya, na tangu nilipoirudisha mahali pake halijawahi kugoma asubuhi. Gereji ndiyo sirudi, hata kwa kubadilisha balbu.

Asiyeihitaji swichi hii anaweza kujaribu kuitoa kazini. Fungua waya hasi wa betri na usubiri kidogo, toa skrubu za chini ya kifuniko cha nguzo ya stelingi, inua kipande cha juu taratibu, kisha chomoa plagi ya swichi. Nyaya za plastiki ya manjano usiziguse, hizo ni za mkoba wa hewa. Ifunge plagi iliyochomolewa kwa utepe wa umeme isije ikagonga-gonga kwenye barabara ya mashimo, na kabla ya kurudisha kifuniko unganisha tena waya hasi, washa taa ndogo kwa mkono wa kawaida uhakikishe zote zinawaka. Zisipowaka, rudisha plagi ya swichi.