Uzoefu wangu: Kisomaji cha sauti cha Microsoft Edge kwa wanafunzi wa chuo wenye disleksia, Mtwara

Kwa wanafunzi wa chuo wenye disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika maneno, ninaowasaidia hapa Mtwara, kifaa ninachopendekeza kwanza ni kisomaji cha sauti kilichomo ndani ya kivinjari cha Microsoft Edge. Ni bure. Nakipa nyota nne kati ya tano.

Ila kabla ya kukiwasha, jiridhishe kwamba tatizo si Kiingereza tu. Kijana wa Newala aliyelelewa kwa Kimakonde, akasoma msingi kwa Kiswahili na kukutana na Kiingereza sekondari, akiandika vibaya lawama huangukia lugha. Makosa ya lugha yana utaratibu, hujirudia vilevile. Ya disleksia hayatulii: ukurasa mmoja una "mchaganuo", chini yake "mchananguo", kisha "mchanganuo" sahihi. Na kwa kuwa Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, mwenye disleksia anaweza kukisoma bila makosa mengi lakini polepole mno, hivyo pima na kasi. Mpe kifungu cha Kiswahili cha maneno 300 asome kimya, umuulize maswali. Kingine cha ugumu uleule msomee wewe. Akikielewa cha kusomewa na kukwama kwenye cha kusoma, lipo jambo. Ongeza maneno ya kubuni kama "mbatundiko" na "kwelanjo", maana hayo hayasomeki kwa mazoea. Hayo yote hayamthibitishi mtu kuwa na disleksia. Yanakupa sababu ya kumpeleka kwa mtaalamu, baada ya kupimwa macho na masikio.

Sasa kifaa chenyewe. Fungua PDF ndani ya Edge, bonyeza Ctrl+Shift+U. Kila neno hung'aa linaposomwa. Mwanafunzi alifuate kwa macho, asiegemee masikio pekee. Sauti za Kiswahili cha Tanzania ni Rehema na Daudi. Za Kiingereza chenye lafudhi yetu ni Imani na Elimu, na kwa wanafunzi wetu nazichagua kabla ya zile za Kimarekani. Anza na kasi ya kawaida, uipandishe akishazoea. Kwenye kurasa za mtandaoni F9 hufungua mwonekano wa kusomea, ambapo unaweza kubakiza mstari 1, 3 au 5 tu na kuachanisha herufi. Usihangaike na fonti maalumu za disleksia, ushahidi wake ni hafifu. Nafasi kati ya herufi na mistari husaidia zaidi.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu sauti hizo nzuri zinahitaji intaneti, na bando likiisha unarudi kwenye sauti kavu ya kompyuta. Kingine ni zile notisi zilizoskaniwa kutoka fotokopi ya fotokopi. Jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Likikataa, hiyo ni picha, na kisomaji hakitaona kitu. Ipandishe Google Drive, uifungue kwa Google Docs, maandishi yatatoka. Faili lisizidi MB 2, na ukurasa uwe umenyooka bila vivuli. Majedwali na safu mbili huvurugika, yakague kwa jicho.

Kwenye chumba cha mtihani kifaa hiki hakifiki. Huko kinachohitajika ni muda wa ziada: Uingereza nyongeza iliyozoeleka ni asilimia 25, yaani dakika 45 kwa mtihani wa saa 3. Barua ya maombi, pamoja na ripoti ya mtaalamu, iwasilishwe mwanzoni mwa muhula, si wiki ya mitihani.