Kivuli cha mti au cha banda katika viwanja vya wazi vya Dar es Salaam?
Kwa gharama ya kuanzia mti hushinda, kwa kuwa mche wa mwarobaini ni nafuu, ilhali banda hudai nguzo, zege na mafundi. Hata hivyo, mche huhitaji kumwagiliwa na kulindwa kwa miaka kadhaa kabla haujamfunika mtu, na hata ukikomaa hauzuii mvua ya masika kama bati lizuiavyo. Karibu na bahari, chumvi hula bati upesi. Tena mchana wa Januari bati huchoma, wakati miti ya Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, hupoza hewa yenyewe, na hilo kwangu lina uzito mkubwa. Penye kituo cha daladala, banda linafaa zaidi; penye uwanja wa mtaa wenye watu wa kuutunza, ni miti.