Kidude cha OBD cha Kariakoo kwenye Hilux yangu, hela yangu imerudi

Wakuu, vile vidude vya OBD2 vya Bluetooth vimeandikwa ELM327 (unachomeka kwenye gari, simu inasoma kompyuta ya injini), Kariakoo vimejaa, mi nimekipata kwa elfu 30 baada ya kuongea sana. Kimeshanilipa, ila sio kwa ile kazi ambayo wengi mnakinunulia, yaani kusoma kodi (zile namba za hitilafu) na kuzima taa basi.

Gari ni Hilux ya petroli, injini 2TR lita 2.7. Taa ya cheki injini ikawaka, sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) inapanda inashuka yenyewe, kwenye foleni ya Mwenge inatetemeka kama ina homa ila ikishachanganya inaenda fresh tu. Gereji moja wakapiga mashine ikatoka P0171, fundi hata boneti hajafungua anasema bosi hiyo oksijeni sensa (inayopima oksijeni kwenye moshi) imekufa, andaa laki mbili na nusu. Sasa P0171 inasema tu hewa imezidi mafuta yamepungua, benki ya kwanza (yaani safu ya kwanza ya silinda), na sensa ndo iliyoleta taarifa. Mjumbe hauawi jamani.

Nikachomeka kidude chini ya usukani, nikafungua programu ya Torque kwenye simu, nikaachana na kodi nikaenda kwenye zile namba zinazotembea gari likiwa linaunguruma. Tafuta fyueli trimu, ziko mbili, ya muda mfupi na ya muda mrefu. Zinakuonyesha kompyuta ya gari inaongeza au inapunguza mafuta kwa asilimia ngapi ili mchanganyiko ubaki kwenye 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli. Zikicheza karibu na sifuri, huna tatizo. Mimi nikijumlisha zote mbili kwenye sailensi napata asilimia +26, nikikanyaga nikashikilia mizunguko 2500 kwa dakika inashuka mpaka 6 hivi.

Hapo ndo utamu ulipo. Kama kuna sehemu inavuta hewa ya wizi baada ya sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia kwenye injini), kwenye sailensi ndo inaumiza, maana injini inavuta hewa kidogo na ile ya wizi inakuwa fungu kubwa, ukikanyaga hewa halali inakuwa nyingi na ya wizi haionekani tena. Ingekuwa kinyume, sailensi poa halafu ukipanda mlima wa Kimara na mzigo namba zinaruka juu, ningeenda kuangalia pampu ya mafuta, filta, au MAF yenyewe kama imeshika uchafu.

Basi nikaenda Tabata kwa fundi wangu, tukawasha, akawa anapuliza kabureta klina (dawa ya kusafishia kabureta) kidogo kidogo kwenye mipira ya manifodi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye silinda (injini ikiwa ya moto kuweni makini, ile kitu inawaka, wekeni faya ekstingwisha karibu), mi nakodolea simu. Alipofika kwenye kimpira cha PCV (kinachorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye manifodi), muungurumo ukabadilika na trimu ya muda mfupi ikadondoka hapo hapo, yaani injini imeinyonya ile dawa pale kama mafuta. Kwa juu kimpira kizima kabisa, kakipinda na kidole, "braza ona hii", kwenye kona kwa chini kimepasuka. Tumeweka kingine, tukafuta kodi, nikazunguka nalo siku kadhaa, sasa hivi trimu inacheza kwenye 2 au 3. Sensa ile ile ya zamani.

Mabaya yake sasa. Ni kopi ya Kichina, muunganisho unakatika katika, na ABS na eabegi hakisomi kabisa. Wa iPhone, hii Bluetooth ya kawaida inawazingua, ulizeni ya Wi-Fi. Usikiache kimechomekwa gari likilala maana kinanyonya betri. Na nyingine ni mbovu tangu dukani, kwa hiyo nenda na gari, muuzaji akileta maneno ya kutotaka kujaribu pale pale hamia duka la pili, yapo mengi.